Kisiki Chenye Joto

Kila asubuhi kabla ya kuwasha trekta, dereva aliyeitwa Taratibu alipaka grisi kwenye viungo vya mkono wa kijiko cha kuchimbia, kuanzia begani hadi kwenye meno, huku mke wake akinoa panga kwenye jiwe na kumwambia kwamba kama angemkanda yeye mgongo kwa bidii ile, nyumbani kungekuwa peponi. Taratibu alikuwa mtu wa kujibu mambo ya asubuhi jioni.

Trekta yenyewe ilikuwa ndogo. Mbele ilikuwa na beleshi pana la kusukumia udongo, na nyuma ilikuwa na mkono wa chuma wenye kijiko cha meno. Wenye mashine kubwa waliiita mbuzi. Taratibu hakuwa na neno na jina hilo, kwa sababu mbuzi hupita pasipopita ng'ombe. Neno lake lilikuwa na kiti. Kiti cha trekta kilikuwa kimemla mgongo, na mtu mmoja wa mjini alishakuja mara kadhaa kuizunguka trekta akigonga matairi kwa kiatu, jinsi wanunuzi wanavyofanya. Taratibu alikuwa amesema atauza. Hakusema lini.

Kazi ya msimu ule ilikuwa kung'oa visiki kwenye shamba la miti. Miti ilikuwa imekatwa, magogo yamekwenda zake, visiki vimebaki safu kwa safu hadi chini bondeni. Mwenye shamba alitaka kupanda miti ya aina nyingine, inayokua upesi. Walipatana pembeni ya barabara. Mwenye shamba hakushuka kwenye gari; alitoa mkono dirishani, Taratibu akaushika.

Desturi ya kazi hiyo ni kwamba kisiki ni cha aliyeking'oa. Akitaka atapasua kuni, akitaka atachoma mkaa. Mwenye shamba ndiye aliyeisema desturi hiyo kwa kinywa chake, kwa sababu hakutaka takataka.

"Kisiki chukua," alisema. "Mizizi chukua. Na chochote kitakachotoka kimeng'ang'ania mizizi, chukua, sitaki kukiona. Mimi nataka ardhi tupu."

Mke wa Taratibu alisikia. Msimamizi wa shamba, mtu mnene mwenye kofia na filimbi, naye alisikia. Dirisha likapanda.

Mafundi wengi hukata mizizi ya pembeni kwanza na kuuacha mzizi mkuu hadi mwisho. Taratibu alianza na mzizi mkuu. Alichimba upande mmoja, akapitisha meno ya kijiko chini kabisa, akavuta, na ukishakatika huo, kisiki kilichobaki kililala chenyewe kama mlevi aliyenyimwa ukuta. Mke wake alisimama mbele akimwongoza kwa mikono: kiganja chini, shusha, kiganja juu, inua, ngumi, acha hapo hapo. Wakigombana nyumbani, ishara zilikuwa zilezile.

Kwenye kisiki cha kwanza mzizi mkuu ulikatika kwa sauti ya mlango unaobamizwa. Kisiki kililala, na mizizi yake ikatoka na nusu ya nyumba.

Ilikuwa nyumba ya matofali yenye bati, imeshikwa na mizizi jinsi vidole vinavyoshika kikombe. Ilikuwa na chumba cha kulala, kitanda kimetandikwa, na chumba cha mbele chenye cherehani na shati lililoshonwa nusu, sindano bado imezama kwenye mkono wa shati. Upande wa jiko haukuwepo. Ulikuwa umebaki chini pamoja na mzizi uliokatika. Walisikia sahani zikiteleza, kisha udongo ukaanguka na shimo likajifunika.

"Umekata jiko la watu," mke wake alisema.

"Nimeona."

"Ungeuliza kwanza."

"Ningemuuliza nani? Kisiki?"

Msimamizi alikuja akiwa na filimbi mdomoni. Aliitazama nusu nyumba, akaitoa filimbi na kuuliza kama kitu hicho kitachelewesha kazi. Taratibu alisema itabidi kikokotwe polepole, vioo vya madirisha visivunjike. Msimamizi akasema vioo havikuwa kwenye mipango yake, akarudi kivulini.

Nyumba ile haikuhitaji kutafutiwa mwenyewe. Ng'ambo ya kilima palikuwa na mtaa wenye mawe mengi kuliko udongo, na wazee wote wa mtaa ule walikuwa wametoka hapa. Asubuhi moja, zamani, malori yalikuja yakawapakia. Waliambiwa waache vitu vyao, watavifuata baadaye. Malori yalipoondoka, baba wa huyu mwenye shamba alileta katapila likasukumia nyumba udongo, juu yake akapanda miti. Hiyo baadaye haikufika. Miti ilikua vizuri.

Mchana uleule fundi cherehani alishuka kilima na utepe wake wa kupimia shingoni. Alikuwa mzee mrefu aliyepinda kwa ajili ya kazi. Aliingia kwenye nusu nyumba yake akijifuta miguu mlangoni, akaketi, akakanyaga cherehani, akaumalizia mkono wa shati.

"Lilikuwa la bwana harusi," alimwambia Taratibu. "Alioa akiwa amevaa la kuazima. Sasa ana wajukuu na tumbo. Itabidi niongeze kitambaa."

"Samahani kwa jiko, mzee."

"Mimi si mpishi," alisema fundi cherehani. "Marehemu mke wangu ndiye angekupiga mwiko."

Jioni hiyo mke wa Taratibu alimsimulia mama yake, aliyeishi nao kwenye chumba cha nyuma. Mama alisikiliza, kisha akasimama. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi, kwa sababu mama huyo hakuwahi kumaliza kikao chochote akiwa ameketi. Iwe msibani au kwenye meza ya chakula, ingefika mahali angesimama na kusema: "Jamani, nimeacha sufuria motoni." Aliyasema hayo hata siku Taratibu alipomwoa binti yake, katikati ya nadhiri, na watu wa upande wa bwana harusi walidhani ni namna ya kukataa.

Sufuria ilikuwa ya kweli. Asubuhi ya malori alikuwa ameinjika maharage, akaona chumvi imekwisha, akamfunga binti yake mgongoni na kwenda kuazima kwa jirani, mke wa fundi cherehani. Alipotoka na chumvi kiganjani, lori lilikuwa njiani. Walimpandisha hivyo hivyo. Chumvi ile alikuwa nayo hadi leo, imefungwa kwenye pindo la nguo. Hata siku ambazo nyumba nzima ilikula chakula chapwa, hakuna aliyethubutu kuigusa. Si yake, alisema. Ni ya kuazima, na imeazimwa kwa kazi maalumu.

Kesho yake alikuja shambani na kigoda. Kwa heshima ya ukwe hakuwahi kumwambia Taratibu neno moja kwa moja tangu siku ya harusi. Alimwambia binti yake, kwa sauti iliyomfikia kila mtu hadi barabarani.

"Mwambie mumeo jiko langu lisikatwe."

"Baba watoto, mama anasema jiko lake lisikatwe."

"Mwambie mama nimesikia," alisema Taratibu, ambaye alikuwa karibu na mama mkwe kuliko mke wake.

Ikabidi abadili namna ya kufanya kazi, jambo ambalo kwa fundi ni kama kubadili mkono wa kulia. Mzizi mkuu hakuugusa tena. Alichimba mduara mpana, mke wake akashuka na panga kukata mizizi ya pembeni, na kijiko kikaingizwa chini kabisa ya sakafu na kuinua kidogo kidogo. Nyumba zikaanza kutoka nzima. Hazikuwa nzito. Nyumba iliyokaa muda mrefu bila watu huwa nyepesi. Kinachoipa nyumba uzito ni maneno. Kila moja ilitoka na kisiki chake juu ya paa kama kofia, Taratibu akaiweka juu ya magogo mawili yaliyosalia na kuikokota hadi kwenye ukanda mwembamba ulio kati ya uzio wa shamba na barabara, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka. Desturi ilimpa nyumba. Haikumpa kiwanja.

Watu wakaanza kushuka kilima. Nyumba moja ilitoka na kamba ya nguo, nguo bado zinachuruzika maji, na mwenyewe, bibi mwenye fimbo, alizianua akilalamika kwamba zingeachwa juani zingepauka. Nyumba nyingine ilitoka na kuku ameatamia. Jua lilipompata, mayai yakaanguliwa, na wenye nyumba wakagombana kwa furaha kuhusu nani alimnunua kuku yule. Nyumba ya kinyozi ilitoka na redio inayotangaza mpira. Mechi yenyewe kila mtu alijua ilivyokwisha, lakini watu walijaa mlangoni kusikiliza, na mashabiki wa timu iliyofungwa walikuwa na matumaini hadi dakika ya mwisho.

"Safari hii refa angetuonea huruma," kinyozi alisema, akamkaribisha mtu kwenye kiti amnyoe.

Pale kando ya barabara pakawa na mtaa. Jioni ilisikika cherehani, redio na vifaranga, na mke wa Taratibu alijifunza kucheka akiwa juu ya shimo, panga mkononi, jambo ambalo ni hatari lakini halikumdhuru. Taratibu naye alianza kuimba kwenye kiti cha trekta. Aliimba vibaya. Hakuna aliyemkataza.

Nyumba ya mama mkwe haikutoka. Kila kisiki kilipolala alisimama kwenye kigoda chake, akaitazama nyumba iliyotoka, akasema ni ya nani, akaketi. Hakuweza kuonyesha yake ilikuwa wapi. Njia hazikuwepo, kisima kilikuwa kimefukiwa, na visiki vyote vilifanana.

Siku ya Ijumaa mwenye shamba alipita barabarani, akapunguza mwendo, akatazama trekta iliyokuwa ikikokota nyumba, akatazama visiki vilivyobaki, akaondoka. Baadaye simu ya msimamizi ililia. Alizungumza akiwa amevua kofia. Kisha akaja kwa Taratibu.

"Jumatatu linakuja katapila kubwa," alisema. "Bosi anasema mbuzi wako ana mwendo wa mbuzi."

"Katapila haling'oi kisiki. Linakikata juu na kusukuma."

"Ndicho anachotaka. Ardhi ikionekana tupu, ni tupu."

"Na nyumba zilizoko chini?"

Msimamizi alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye filimbi. "Jumapili mimi sitakuja," alisema. "Nisipokuwepo siwezi kumzuia mtu."

Mke wa Taratibu alikaa kwenye tairi na kupiga hesabu ya visiki kwa macho, akaacha, kwa sababu ilikuwa hesabu ya kukatisha tamaa. Ndipo akakumbuka jambo alilolisikia maisha yake yote hadi masikio yakaacha kulisikia.

"Mama," alisema. "Si uliacha moto unawaka?"

"Nimekuwa nikisema nini miaka yote?"

"Basi kisiki chako kitakuwa na joto."

Mama mkwe alimtazama binti yake jinsi mzazi anavyomtazama mtoto aliyefaulu kwa kuchelewa. Akachukua kigoda, akakiacha, kwa kuwa hakikuhitajika tena. Akaanza kukalia visiki. Alikalia kimoja, akatulia kidogo kama mtu anayesikiliza, akainuka, akahamia kingine. Safu ya kwanza aliimaliza Ijumaa. Jumamosi walikuja wengine kumsaidia: bibi wa kamba ya nguo, fundi cherehani, kinyozi na wateja wake. Shamba zima lilijaa watu wazima walioketi kwenye visiki kwa makini, wakiinuka na kuhamia kando.

"Hiki je, jirani?" aliuliza fundi cherehani.

"Jirani, hicho kina joto la jua tu. Geuka upande wa kivuli ukae tena."

"Mimi makalio yangu hayana utaalamu huo."

"Chunga maneno, mkwe wangu yuko hapo."

Taratibu alikuwa ameshaanza kukagua tairi la mbali.

Walikipata Jumapili asubuhi, karibu na uzio wa chini, kisiki kinene chenye ukungu. Paka wa mtu fulani alikuwa amelala juu yake. Mama mkwe alimwondoa paka, akaketi, na safari hii hakuinuka. Alikaa muda mrefu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika nyumbani akakuta viatu vyake mlangoni.

"Hiki kina moto," alisema. "Mwambie mumeo."

"Baba watoto, mama anasema..."

"Nimesikia," alisema Taratibu, akaja na trekta.

Alichimba mduara mpana kuliko wote. Mke wake alishuka na panga, akakata mizizi ya pembeni mmoja mmoja, na kila baada ya mmoja aliweka sikio kwenye udongo. Chini kulikuwa na kifuniko cha sufuria kinachogongagonga. Kabla ya adhuhuri bati lilionekana, na katikati ya bati moshi mwembamba. Taratibu aliingiza kijiko chini ya sakafu. Mke wake akaonyesha kiganja juu. Taratibu akavuta wenzo wa kijiko, mtambo wa haidroliki ukalia, na nyumba haikutikisika. Kilichoinuka kilikuwa trekta. Magurudumu ya mbele yalipaa juu, na Taratibu akajikuta anatazama mawingu.

Nyumba yenye chakula motoni huwa nzito. Hilo hawakuwa wamelijua, kwa sababu zile nyingine moto wake ulikuwa umezimika.

"Shusha," mke wake alisema kwa kiganja chini.

"Mbele kunataka uzito," alisema Taratibu.

Mke wake aligeuka akawatazama watu waliosimama kando wamefunga mikono. "Mmesikia. Uzito."

Wakapanda kwenye beleshi la mbele. Alianza kinyozi na wateja wake, mmoja akiwa amenyolewa upande mmoja. Akafuata bibi wa kamba ya nguo, aliyebebwa pamoja na fimbo yake. Fundi cherehani alipanda akashuka, akaenda kuchukua cherehani ya chuma, akapanda nayo. Beleshi lilijaa hadi watu wakaketi kwenye mapaja ya watu ambao hawakuwa wamesalimiana miaka mingi. Taratibu alijaribu tena. Magurudumu yalipaa tena, sasa na mtaa mzima juu yake, na kule juu watu walicheka kwa sababu walikuwa wanaona mbali.

"Bado kidogo," alisema Taratibu.

Msimamizi alikuwa amesimama kwenye uzio. Alikuwa amesema hatakuja, na kwa hesabu yake hakuwa amekuja, alikuwa anapita. Mke wa Taratibu alimtazama kiunoni, bila haya, jinsi mtu anavyokadiria gunia.

"Bwana msimamizi, hebu tusaidie tumbo hilo."

"Mimi sipo hapa," alisema msimamizi.

"Tumbo lipo."

Alisimama akiizungusha filimbi. Kisha akavuka uzio, akakabidhi kofia kwa bibi wa fimbo na kukaa ukingoni mwa beleshi akiwa amewapa wote mgongo, ili ieleweke kwamba hayuko pamoja nao. Magurudumu ya mbele yalitulia ardhini. Taratibu alivuta. Ardhi iliguna, ikaachia, na nyumba ikatoka nzima na mzizi wake mkuu, mlango ukiwa wazi jinsi ulivyoachwa na mtu anayerudi sasa hivi.

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wameshikana wasianguke.

Mama mkwe aliingia kabla nyumba haijawekwa chini, ikiwa bado inaning'inia kwenye kijiko, na Taratibu aliishikilia pale bila kupumua. Walimwona kupitia dirishani. Alifunua sufuria, akapuliza, akatoa harage moja kwa mwiko, akalibonyeza kwa vidole. Lilikuwa limeiva. Halikuwa limeungua hata kidogo. Akafungua pindo la nguo. Chumvi ilikuwa imegeuka jiwe. Aliigonga kwa mpini wa mwiko, akaitia yote, akakoroga, akaonja, akafunika. Kisha akavuta kiti, akaketi. Aliendelea kuketi.

"Mama," binti yake aliita kutoka chini, kwa sababu hali ile ilimtia wasiwasi. "Uko sawa?"

"Kwani nina nini?"

"Umekaa."

"Nimekaa," alisema mama.

Nyumba ilikokotwa hadi barabarani mama akiwa ndani, sufuria ikiwa motoni, na Taratibu akiendesha kwa mwendo uliompa jina. Watu walitembea pembeni wameishika nyumba kwa viganja, ingawa haikuhitaji kushikwa. Walikula hadi kukawa na giza. Maharage yaliwatosha. Msimamizi alikula sahani mbili akiwa amesimama mlangoni, kwa kuwa hakuwepo, na alipoondoka alisahau filimbi yake mezani. Hakurudi kuifuata.

Jumatatu katapila lilikuja. Lilikuwa kubwa kweli, na dereva wake hakuwa na haja ya mtu wa kumwonyesha mikono. Lilikata visiki vilivyobaki juu juu na kushindilia udongo, na kufikia jioni shamba lilikuwa tambarare kama meza. Hakuna nyumba nyingine iliyotoka. Watu waliokuwa hawajapata za kwao walisimama kwenye uzio wakatazama. Fundi cherehani alisimama nao, akitazama pale lilipobaki jiko la mke wake na sahani zake. Kisha walirudi kwa waliopata, wakagawana vyumba.

Miche ilipandwa mvua zilipoanza, safu kwa safu, mahali palepale.

Mwenye shamba alikuja kuikagua. Alikagua kupitia dirishani. Alipofika usawa wa nyumba za barabarani gari lilisimama, dirisha likashuka, na harufu ya maharage ikamfikia. Safari hii alishuka. Mama mkwe alimkaribisha, kwa sababu mgeni ni mgeni. Aliketi mezani, akiegemea ukuta wenye alama ya mzizi, akala. Taratibu na mke wake walikuwepo, na fundi cherehani alikuwa dirishani kwake, nyumba jirani, akishona suruali ya mtu.

"Chumvi imekolea?" mama mkwe aliuliza.

"Imekolea," alisema mwenye shamba. Alikuwa mtu wa adabu akiwa anakula. Alitazama shamba lake kupitia mlangoni, miche midogo iking'aa kwa mvua. "Baba yangu alipokuja hapa palikuwa pori tupu," alisema. "Hapakuwa na mtu. Hapajawahi kukaa mtu. Kila mnachokiona alikianza yeye."

Cherehani haikusimama. Kinyozi, nyumba ya pili, alipandisha sauti ya redio. Mama mkwe alichukua upawa, akamwongezea mgeni.

Mgeni aliposhiba alishukuru, akafika hadi garini, akageuka. Aliuliza nyumba zile zitaondoka lini kando ya barabara, maana miti ikikomaa malori yatahitaji nafasi ya kugeuzia.

"Tukimaliza kula," alisema mama mkwe.

Mwenye shamba alikubali kwamba hilo ni jibu, au alidhani ni jibu la kukubali. Gari liliondoka. Mama mkwe alibaki mlangoni. Huo mlango alikuwa ameuacha wazi siku ile akienda kuazima chumvi, na tangu utoke ardhini hakuwa ameufunga hata siku moja. Alitazama miche hadi chini bondeni, safu baada ya safu, kila mmoja ukishusha mzizi wake kutafuta cha kushika.

"Hii ni ile inayokua upesi?" aliuliza, bila kumtaja anayemuuliza.

"Ndiyo hiyo, mama," alisema binti yake. "Na hukatwa upesi."

Jirani yake fundi cherehani alikata uzi kwa meno. "Mke wangu alikuwa na sahani za maua," alisema. "Nzuri sana. Mtaziona."

Mama mkwe aligeuka. Akamtazama Taratibu usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Taratibu akavua kofia.

"Mkwe," alimwambia yeye mwenyewe. "Hiyo trekta usiiuze."